Mji Tuliousifu Bila Kuuona

Kwako shemeji Wafula, huko ulikotangulia,

Dada anakusalimu. Ameanza tena kucheka kwa sauti, na leo tulipokutaja tulicheka mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia.

Unaikumbuka ile moteti, ule wimbo wa sauti nyingi? Ulikuwa dereva wa hoteli hapa Doha, na kila Ijumaa, siku yetu ya ibada, ulitufundisha kwaya. Mara ukaja na wimbo wa Kilatini wa karne nyingi zilizopita, uliotungwa kuusifu mji wa Venisi. Sauti ya kwanza ilikuwa na maneno yake, ya pili yake, na zote zikiimbwa kwa pamoja. Nalubega, yaya kutoka Kampala, akakuuliza, "Mwalimu, huu ni wimbo ama ni ugomvi?"

"Ni sifa," ukamjibu. "Mtu akiupenda mji wake hangoji mwenzake amalize kusema."

Sauti ya tatu ndiyo iliyozibeba nyingine, kwa noti ndefu za polepole. Wiki ya tamasha letu, wanaume walioiimba, wote walinzi wa zamu kule Umm Salal, wakabadilishiwa zamu. Nilidhani utauacha wimbo. Badala yake ukanigeukia mimi, niliyekuja kupanga viti tu.

"Shem, sauti ya tatu ni yako."

Nikakataa. Ulijua sijaimba tangu shuleni, waliponicheka kwamba nina sauti ya fahali. Hukunibembeleza. Ulinifundisha garini tukirudi nyumbani Al Thumama, ukigonga usukani kwa kidole na kunitania, "Wee fahali, usiharakishe!"

Siku yenyewe nilijipanga nyuma kabisa ya kwaya. Ulikuwa umetuambia kwamba tukifika kwenye jina la Venisi, kila mtu awaze kwao. Nalubega hakuishia kuwaza; aliimba "Kampala" kwa nguvu zake zote! Mwingine akadakia Kisumu, mwingine Kakamega. Watu wakaangua kicheko na kupiga makofi, nawe ukaendelea kuongoza huku mabega yakikucheza. Mimi kwetu ni Kitale. Lakini kilichonitoka kinywani ni "Doha," nzito, ndefu, bila kutetemeka hata kidogo. Nilijishangaa. Sasa naelewa: ni hapa mtu aliponiambia kwa mara ya kwanza kwamba sauti yangu inahitajika.

Siku hizi tunaenda kanisani kwa treni ya metro, shemeji. Ni ya haraka na safi, ila hakuna wa kunitania njiani.

Ijumaa iliyopita kwaya iliniomba niiongoze. Kabla sijajibu, msichana mmoja wa sauti ya pili akaita, "Mwalimu!" Nikageuka nyuma kukutafuta. Kumbe alikuwa ananiita mimi.

Nikaitika.

Pumzika vyema, na huko uliko usiwachoshe watu kwa mazoezi.

Ni mimi, shemeji yako.