Uvimbe Unaopendeza

Jumatatu, 3 Machi

Nimesoma skripti mpaka mwisho, chai ikapoa. Afadhali ningesoma maandishi ya kwenye kopo la poda! Mume anamzaba mke kibao mbele ya wageni. Mke anarudi kwao. Mume anakuja kulia kwenye mvua, muziki unapanda, mke anamkumbatia. Basi. Eti filamu ya mapenzi.

Dairekta kaniita, mimi mtu wa mekapu, tuzungumze uso wa huyo mke. Anataka uvimbe shavuni, lakini uwe unapendeza. Nikamwomba arudie, nilidhani nimesikia vibaya. Unaopendeza! Usifike jichoni, usiharibu midomo, na kwenye sini, yaani onyesho, inayofuata usiwepo kabisa. Nikamwambia sini inayofuata ni kesho yake asubuhi, na shavu la mtu haliponi kwa usiku mmoja. Akasema watu hawalipi kiingilio waje waangalie mtu aliyevimba.

Kibao watalipa wakione. Uvimbe, hapana. Nikaandika alivyotaka, kazi naihitaji.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kibao. Anayeigiza mume tunamwita Steringi, kwa kuwa ndiye nyota wa filamu, naye mwenyewe anajiita hivyo hivyo, hana hata haya. Anatembea kifua mbele mpaka anapokwenda chooni.

Kibao cha filamu ni rahisi: mkono unapita mbali na shavu, mpigwaji anageuza kichwa, fundi wa sauti anapiga makofi baadaye. Hakuna anayeguswa. Steringi hakuridhika. Alisema anaonekana kama anafukuza nzi, na kwamba mwanaume halisi hapigi hivyo. Mwanaume halisi! Huyu huyu ambaye nikimbandua ndevu za bandia anang'ang'ania kiti, machozi yanamlengalenga, ananiomba nimhurumie.

Anayeigiza mke ni binti mpya, filamu yake ya kwanza. Namwita Kipini, kwa sababu ya kipini cha puani ambacho kila asubuhi anakivua na kukiweka kwenye kisahani changu. Dairekta hakitaki. Ni mpole huyu binti. Steringi akitoa mzaha wake, anacheka, ila anachelewa kidogo, kama mtu anayekumbushwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumbani nako ni hayo hayo. Nimemkuta Mama mbele ya TV, roho yake kwatu. Kwenye tamthilia mwanaume kambamiza mkewe kwenye kabati, na Mama anamtetea — eti ni wivu tu, anampenda sana mkewe.

Nikamuuliza kama shemeji, mume wa dada, naye alikuwa na wivu tu.

Akapunguza sauti ya TV. Na mimi sikuishia hapo, nimeshachoka! Dada alijifungia ndani mpaka uso urudi, kazini wakachoka kumsubiri, wakamchukua mwingine. Filamu gani imewahi kuonyesha hilo? Mke kwenye foleni ya daktari wa meno? Mke anamweleza bosi wake kwamba amejigonga mlangoni? Milango imesingiziwa mengi duniani! Kwenye filamu mwanaume akishalia, kila kitu kimekwisha, hata jino linarudi mahali pake.

Mama alizima TV. Akasema ngoja ampigie dada simu. Waliongea kwa muda mrefu chumbani, sijui nini.

Jumanne, 11 Machi

Niandike kabla hasira haijanipoteza.

Leo ilikuwa sini ya kibao. Walirudia, wakarudia tena. Dairekta kila mara anasema haina uzito. Steringi akamvuta pembeni, wakanong'ona — sikusikia walichosema. Wakarudi. Kamera ikawaka.

Alimpiga kweli. Kiganja kizima! Kipini alienda chini pamoja na trei ya glasi. Haikuwa sauti ya fundi, kila mtu aliisikia. Nikasubiri mtu aseme simama. Watu wakapiga makofi! Dairekta anaruka kama kafunga goli, anasema hiyo sasa ndiyo filamu.

Nilikwenda kumwinua. Shavu limeshaanza kupanda, vidole vinahesabika. Nilikuwa na brashi yangu mkononi, kavu, maana zamu yangu ya kupaka uvimbe ilikuwa bado. Dairekta akapita, akainama, akamtazama usoni, akanipiga bega. "Dada Poda, umejua kunifurahisha. Huo ndio uvimbe niliokuwa nautaka."

Anadhani nimeupaka mimi! Nilifungua mdomo. Kipini akaniminya mkono, kwa nguvu, nikafumba mdomo. Steringi alikuwa pale pale. Alisikia. Akanikonyeza, akaenda kunywa maji.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa chumba cha mekapu. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Filamu haipigwi kwa kufuata hadithi. Jana kibao, leo harusi yao. Maana yake leo Kipini anatakiwa awe bibi harusi, uso laini, bila doa. Kaja amejitanda mtandio mpaka puani. Akautoa. Jicho limeanza kujifunga, shavu lina rangi ambazo mimi huzichanganya kwa tabu.

Kabla sijasema kitu akasema, "Nifunike tu, dada. Nikilalamika, nani ataniita tena?"

Ninaweza kumfunika. Hilo ndilo linaloniuma! Nikitulia na spongi yangu, hata mama yake mzazi hataona kitu. Nitakuwa nimemfagilia Steringi uchafu wake, na usiku wa uzinduzi atapigiwa makofi mara ya pili.

Huyo Steringi naye alichungulia mapema na soda baridi mkononi. Eti asamehewe, aliingia sana kwenye uhusika. Mbona sini ya kulia mvuani hakuingia? Ile alinunuliwa matone ya macho! Nimemfungia mlango na soda yake.

Sasa hivi msaidizi wa dairekta kagonga. Kaleta ujumbe bila kuingia: bosi anauliza tunachelewa nini, ule uvimbe wa jana ufutwe upesi, leo ni harusi.

Ufutwe! Mpaka leo hajui. Au hataki kujua.

Nilimtazama Kipini kwenye kioo. Akacheka. Safari hii hakuchelewa. Kisha shavu likamuuma, akaacha, akabaki anajitazama. Nikamwambia uamuzi ni wake, akitaka nitamfunika na sitamlaumu.

"Mwambie aje aufute mwenyewe," alisema.

Nikamuuliza kama ana uhakika. Alichukua kipini chake kwenye kisahani, akakivaa.

Nimefungua mlango kidogo nikampa msaidizi ujumbe, neno kwa neno, nikafunga tena. Pamba nimeilowesha mafuta ya kufutia mekapu, iko mezani. Kiti cha Kipini nimekigeuza kiangalie mlango, na taa zote za kioo nimeziwasha.

Viatu vinakuja kwenye korido. Vya watu wawili — kicheko cha Steringi kinatangulia, sauti ya dairekta inafuata. Kipini kakaa wima, mikono mapajani.

Wanagonga. Kipini ananifanyia ishara kwa kichwa, nifungue.