Jina Ulilotoa Mahagi

Yaya, dada yangu mukubwa,

Ninakuandikia nimekaa inje ya lupango, ule uzio wa hospitali ya Ebola. Mutoto wako Neema iko ndani tangu asubui. Sijui nianzie wapi.

Unakumbuka ile safari yako ya Bangkok, ulipoenda kununua viatu? Homa ikakukamata kule, waganga wa hospitali wakakupima, wakauliza unaenda muji gani kisha. Ukasema Hong Kong. Kufika Hong Kong, hata hujafungua kinywa, wakakuita kwa jina lako, wakauliza kama homa imepoa. Ulirudi Bunia umekasirika kabisa. Ulisema, "Ile miji yao inanisengenya kama mabibi wa soko." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kumbe ilikuwa malaria tu.

Sasa ninawaza yale masengenyo kila siku.

Mahagi nao walijaribu vilevile, yaya. Nilisikia tulipokwisha kukuzika. Ulipoenda kununua maharagi, yule mama uliyelala kwake akagonjwa hii Ebola, na waganga wakauliza kila mutu wa ile nyumba jina na kwao. Wakapigia Bunia simu palepale. Watu wa afya wakamutafuta Mama Furaha katika kartie ingine, mutaa ingine kabisa, ile uliyowatajia. Hawakumupata. Weye ulikuwa hapa kwetu, unasema ni uchovu wa barabara, Neema anakukanda miguu.

Furaha ni jina lako la bariere, la kupita nalo vizuizi vya barabarani. Tangu vita, nani kwetu hana jina la bariere? Jina la kweli linasema kabila, na hii amani yetu tunailalia jicho wazi. Siwezi kukulaumu. Mimi pia niko na langu. Lakini inaniuma, yaya, inaniuma sana, kwa sababu walikutafuta, na kwa jina la kweli wangekupata.

Leo tulipomuleta Neema, mama wa mulangoni akamuuliza jina. Mutoto akaniangalia kwanza. Kisha akasema, "Espérance, wa Marabo." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Ulimufundisha muzuri.

Nikasema hapana. Nikasema anaitwa Neema, wa hapa Bunia, na mama yake ni weye, nikataja majina yako yote, na lile la kabila pia, mbele ya watu wote wa foleni. Hakuna mutu aligeuka.

Munganga anasema tungoje. Sina kingine cha kufanya. Hawaniachi nimushike hata mukono. Ninamupungia kutoka hapa, naye ananipungia, kisha anachoka, anageukia ukuta.

Mungu akulaze pazuri, yaya. Sina nguvu ya kukuahidi kwamba atapona. Lakini wakitoka kuniita, kwa habari nzuri ao mbaya, wataita Neema. Nitasimama.

Mudogo wako