Daftari la Nguvu na Vifo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi. Miaka thelathini na minne nilifundisha sarufi, nikastaafu kwa heshima, na leo nimeketi katika ofisi ya vyumba viwili nikisahihisha jarida la katuni la kila wiki. Mdogo wangu, ambaye naishi naye, anasema ni aibu tupu. Nimemjibu kwamba aibu ni kushinda nyumbani naye.

Mwandishi wa jarida ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa akishika mkia kila muhula, nami nikamwita Mkia mbele ya darasa zima. Jina limemganda. Hata jaladani ameliandika! Nilipoingia aliinuka wima: shikamoo, Mwalimu. Niliitikia. Kisha nikasoma kazi yake.

Matoleo kumi na mawili kwa mkupuo. Lugha inatibika. Mantiki — sijui. Shujaa wake, Kishindo, katika toleo la tatu anashindwa kuvunja mlango wa choo. Katika la tano anainua treni. Katika la tisa anaruka angani. Tangu lini? Mchoraji, binti mpole mwenye wino hadi masikioni, ameeleza kwamba sehemu ya juu ya ukurasa ilibaki tupu, ikabidi mtu aruke.

Na wanavyokufa! Kishindo amekufa mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa ndoto. Ya pili alikuwa pacha wake. Ya tatu alipata dawa. Ya nne hawakueleza. Alitokea tu, amenyoa.

Nguvu ikihitajika, huzaliwa. Maiti akihitajika, huamka. Huo si uandishi. Ni uvivu uliopakwa rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda na daftari la jalada gumu. Kurasa za kushoto ni za nguvu, za kulia ni za vifo. Kanuni mbili. Kila nguvu ina kipimo na gharama yake, ikiisha, imeisha. Na aliyekufa amekufa.

Mkia aliuliza: hata wasomaji wakilia, Mwalimu? Nikasema, hasa wakilia. Ukimliza mtu kisha ukamrudisha maiti, umemwibia machozi.

Wametia saini wote wawili. Mkubwa wa jarida, ambaye bado sijaona hata kivuli chake, amesema kwa simu kwamba anakubali lolote, mradi jarida litoke siku yake.

Jumanne, 11 Machi

Mchoraji amekuja mezani kwangu na karatasi kifuani. Ni kuhusu Tiara, msichana wa mabawa aliyeungua katika toleo la kumi. Walikuwa wamepanga arudi mwezi ujao. Anasema alianza kumchora tangu yuko shuleni, kabla hajajua kama kuna kazi ya namna hii duniani.

Nilimwonyesha ukurasa wa kulia. Tiara: moto, toleo la kumi.

Akauliza polepole: lakini si alikufa kabla ya kanuni?

Swali zuri. Nilijibu kwamba kanuni njema haina kabla wala baada. Alirudi mezani kwake, akachora milango tu hadi jioni. Milango mizuri.

Jumatano, 12 Machi

Mkia ameleta mhusika mpya: Bibi Keti. Akisema "Keti!", kila kitu huketi — mwizi, mbwa, lori, hata mafuriko. Nimempenda papo hapo. Hana misuli, hana joho, haruki hovyo.

Mkia alitaka nguvu zake zisiwe na mwisho. Nikamwambia, huo ndio ugonjwa wenyewe. Atakuwa na mara saba. Ya saba itamwua.

Aliinua kalamu. Mara saba, Mwalimu? Una hakika? Nina hakika, andika. Mchoraji aliinama chini ya meza, mabega yanamtikisika. Nadhani ana mafua.

Ijumaa, 4 Aprili

Bibi Keti ametumia mara ya tatu. Mwizi wa duka ameketi juu ya masanduku aliyoyaiba, na Bibi hamwachi aondoke mpaka aandike barua ya kuomba radhi. Barua ina makosa, anamrudishia. Tena anamrudishia!

Nilicheka peke yangu chumbani. Mdogo wangu alikuja mbio kuuliza kama nimeumwa na nini.

Barua za wasomaji zimejaa kapu. Hakuna anayemwulizia Kishindo.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekuta jarida jikoni, limetiwa mafuta. Nikamwuliza mdogo wangu tangu lini anasoma aibu tupu. Akasema: "Tangu walipoanza kukuchora, dada."

Kumchora nani?

"Wewe! Miwani ya kamba, sweta la kijani, kifungo kimoja si cha ukoo wa wenzake. Hata unavyoshika chaki wakati huna chaki. Mtaa mzima unajua. Muuza magazeti anakuita Bibi Keti ukishampa mgongo."

Nilikwenda kwenye kioo. Kifungo cha tatu. Ni kweli.

Ofisini Mkia alikiri kabla sijamaliza swali, kwa uso uleule wa dawati la nyuma. Anasema nilipokuwa nikisema keti, hata waliokwisha kuketi waliketi upya. Mchoraji aliongeza kwamba kifungo ni wazo lake, naye anaomba radhi.

Nikauliza kwa nini basi hawakunifanya mchawi. Mkia alikuna shingo. Akasema nilikuwa mkali kama pilipili, lakini walimu wengine waliandika sifuri kwenye ukurasa wa kwanza wa insha zake. Mimi nilizisoma mpaka mwisho, ndipo nikaandika sifuri.

Nimemwambia kwamba zilistahili. Amekubali.

Baadaye, wenyewe walipotoka kwenda kula, nilifungua daftari. Bibi Keti: zimetumika mara tano. Mwandiko ni wangu, umenyooka, hauna hata doa la shaka.

Alhamisi, 8 Mei

Mara ya sita ilikwenda wiki iliyopita, kwa tembo aliyetoroka sarakasi. Upuuzi! Tembo angeweza kusubiri.

Leo Mkia ameweka mezani hadithi ya wiki hii. Daraja linapasuka. Juu yake basi la wanafunzi. Bibi Keti anasimama katikati na kuliambia daraja liketi. Linaketi. Watoto wanavuka. Yeye anabaki amelala. Kisanduku cha mwisho cha mchoro hakina neno hata moja.

Ni kazi nzuri. Nasema ukweli, sikupata cha kusahihisha isipokuwa mkato mmoja.

Nikauliza kama Kishindo hawezi kulishika daraja. Mkia akafungua daftari langu: Kishindo, mkono wa kuume umevunjika, miezi mitatu. Nikauliza kama ile "Keti!" ya pili, aliyomwambia mbwa, ilihesabiwa kwa haki, mbwa yule alikuwa mzee, yumkini angeketi mwenyewe. Mkia akageuza ukurasa. Nilikuwa nimeihesabu mimi, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Akasema kwa upole: "Mwalimu, ukisema tu neno, namrudisha. Wiki mbili tu. Naweza kusema alizirai."

Mchoraji alikuwa akichonga penseli. Aliacha kuchonga. Hakuinua macho.

Nikasema, kanuni ni kanuni. Nikachukua mkoba wangu na kuondoka nusu saa kabla ya wakati. Sijawahi kufanya hivyo tangu niajiriwe, mahali popote.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemweleza mdogo wangu. Kosa kubwa. Alicheka mpaka akashika meza. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, dada yangu! Binti wa watu alilia kwa ajili ya msichana wake, ukamwonyesha daftari. Leo zamu yako, unahesabu mbwa!"

Nilimwambia kwamba ni makaratasi tu.

Hapo akaacha kucheka. Akasema watu wa rika letu katika hadithi huwa ni wa kuzikwa kwenye ukurasa wa pili, ili kijana apate hasira ya kupigana. Bibi Keti alikuwa wa kwanza kumwona anayefanya kazi. Kisha akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Nilichukua kitambaa nikavikausha. 

Nikimfufua Bibi Keti, sina uso wa kumtazama mchoraji. Nisipomfufua, nitakuwa mwaminifu, na Alhamisi ijayo nitasahihisha jarida lililojaa Kishindo. Nimepima mizani hiyo tangu magharibi. Pande zote mbili zina uzito, na mwenye mizani anadanganya.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika haya ofisini. Gari la kiwanda cha chapa litafika saa tano kuchukua kurasa. Sasa ni saa nne na dakika ishirini.

Nimesoma toleo zima mara tatu. Mkia amenunua chai, hakuna aliyeinywa. Nimetia saini kurasa zote isipokuwa ya mwisho.

Nimewaambia kwamba sitabadili kanuni kwa ajili yangu. Nimesema hivyo waziwazi, na nimesema kwamba kuhusu Tiara nilipaswa kusikiliza kabla ya kufungua daftari. Mchoraji ameitikia kwa kichwa. Macho yake yamelowa, au ni wino.

Kisha nikaomba nitazame tena kisanduku cha mwisho. Kwa ajili ya usahihi tu.

Amelala chali. Mkono wa kushoto uko juu ya kifua. Nimemwuliza mchoraji kama mkono wa mtu aliyekata roho haupaswi kuangukia ubavuni, kwa sababu ya uzito wake.

Nje mtu anawasha pikipiki, haiwaki.

Mchoraji anasema: unapaswa kuanguka, Mwalimu. Anasema alipouchora hakuwaza. Labda ulikataa wenyewe. Anaweza kuushusha sasa hivi, kazi ya dakika moja. Au auache ulipo. Kanuni ya mikono haimo daftarini.

Mkia ameziba mdomo kwa kiganja.

Saa nne na nusu. Ameweka penseli na kifutio mbele yangu, juu ya ukurasa. Nimekichukua kifutio. Nimekitia mfukoni, mkono ubaki ulipo. Kisha nikatia saini.