Siku niliyokwenda kumwandikisha Mireille kwenye bima

Kolwezi, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na roho haijatulia.

Leo nimemdanganya kijana ambaye hakunikosea kitu.

Mtoto wangu wa mwisho, Mireille, ana miaka kumi na minane na mwezi uliopita alipata perimi, yaani leseni ya udereva. Motokari yetu ni moja tu, Toyota iliyozeeka, na tangu mume wangu aanze kazi ya zamu mgodini, mimi ndiye dereva wa nyumba. Sasa tunataka Mireille naye aendeshe: aende chuoni, na mara kwa mara ampeleke bibi yake Lubudi. Basi tulikwenda sote wawili kwenye ofisi ya bima, ambayo huku tunaiita asiransi, ili jina lake liwekwe pamoja na langu. Nilijua dereva mchanga anaongeza bei. Sikwenda kubishana.

Kijana wa ofisi ana adabu. Alinivutia kiti, akafuta maji ya mvua mezani kwa mkono wa shati lake. Kisha akaanza kuuliza. Binti ataendesha siku gani? Atapita barabara zipi? Atakuwa na nani ndani?

Hapo nikauvuta mkoba wangu karibu.

Nikasema ataendesha Jumapili tu, kwenda misa, hapa hapa mjini. Mireille akanigeukia. Kijana aliandika nilivyosema. Mimi nilikuwa natazama kalamu yake na kujiuliza: huyu anamwandikia nani?

Tulipoingia motokarini Mireille hakuwasha injini.

"Mama, juu ya nini unasema bongo, unamudanganya? Ule bwana anauliza juu ya kazi yake tu."

"Mutu akiuliza mingi, mi namuogopa."

"Sasa nikipata aksida njia ya Lubudi? Batasema niliandikwa ya Jumapili tu. Habatalipa kitu."

Anasema kweli. Bima niliyoinunua leo haimlindi mtoto wangu. Inalinda siri yangu tu, na siri yenyewe sikuwahi kumwambia.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa fundi umeme wa kampuni ya mgodi. Alizaliwa hapa Kolwezi, lakini baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi, na hilo lilitosha kumfanya mgeni. Mgodi ulikuwa umeanguka, mishahara haiji, na watu waliambiwa kwamba kosa ni la Wakasai. Familia zikafukuzwa majumbani, moja baada ya nyingine. Stesheni ilijaa watu wanaolala juu ya mizigo wakingoja treni, watoto wakiugua hapo hapo.

Mama yangu ni mtu wa Lubudi. Baba akaona ni heri apandie treni kule, kwa wakwe zake, kuliko kungoja hapa. Lakini hakuweza kushika usukani, uso wake ulijulikana mno. Alikuwa amenifundisha kuendesha Peugeot yake, na nilifanana na mama. Basi ikawa ni mimi.

Njiani kulikuwa na vizuizi vya vijana, na polisi pamoja nao. Karatasi ikikosa kidogo tu, motokari inachukuliwa, na waliomo wanashushwa. Ndiyo sababu baba alitaka jina langu liwe kwenye bima. Alimwita tata Sylvain, karani wa asiransi, aliyeimba naye kwaya ya parokia miaka mingi. Tata Sylvain alikuja nyumbani, akakaa, akakubali. Kisha akauliza.

"Mutatoka siku gani? Mutapita njia gani? Ndani ya motokari mutakuwa banani?"

"Siku ya posho," baba akajibu. Yaani Jumamosi. "Tutaenda Likasi."

Tata Sylvain alipotoka, baba alifunga mlango akabaki amesimama na mkono kwenye kitasa. "Anauliza mingi," alimwambia mama.

Tulitoka Jumatano iliyotangulia, bila kuingoja karatasi ile ya bima, kuelekea Lubudi. Baba alilala nyuma, chini ya magunia ya makala, yaani mkaa. Kwenye kizuizi cha kwanza kijana mmoja alitaka asiransi. Nilimpa ile ya zamani, yenye jina la baba. Aliigeuzageuza. Mama akamsalimu kwa lugha ya kwao Lubudi, akamwambia mume wake ni mgonjwa na ndiyo maana binti anaendesha. Kijana alinitazama miguu, kuona kama inafika kwenye pedali. Akaturudishia karatasi. Sijui kama alijua kusoma, au kama alisoma akaamua kutuachia.

Baba alipanda treni Lubudi. Alifika Mwene-Ditu, huko Kasai, akaishi kule mpaka alipokufa, na kila alipotaka kusafiri alitaja siku ya uongo, hata kwa ndugu zake.

Mimi na mama tulirudi Kolwezi mambo yalipopoa. Jirani yetu, mama Rose, ndiye aliyetusimulia. Jumamosi ile tata Sylvain alikuja nyumbani kwetu, karatasi mkononi. Nyuma yake, hatua chache, kulikuwa na vijana wenye fimbo na mapanga. Mama Rose alifunga dirisha. Hakuona mwisho.

Aliwaleta? Au walimfuata, kwa kuwa alikuwa anakwenda kwa Mkasai?

Baba alikuwa na jibu lake, nami nilirithi jibu hilo bila kulichunguza. Na siku hizi maneno yale yameanza tena. Sokoni, kwenye simu, utasikia mtu anasema wageni warudi kwao. Kwa hiyo kijana wa ofisi anaponiuliza mtoto wangu anapita wapi na siku gani, simsikii kijana wa ofisi.

Mchana, baada ya chakula, nilimweleza Mireille yote. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kitupu. Nilidhani ataniuliza kuhusu babu yake.

"Na ule tata Sylvain," akasema, "balimufanya nini?"

Miaka yote hii nimeishi katika mji ule ule, napita mbele ya parokia ile ile, na sijauliza hata mara moja kama alitoka mzima siku ile. Kumshuku kulikuwa rahisi. Hakukunilazimu kumtafuta.

"Yawezekana alileta karatasi yako tu, mama."

Yawezekana.

Tumekubaliana. Kesho asubuhi tutarudi ofisini, nami nitamwambia kijana yule barabara zote: chuo, Lubudi, na mama yangu kwenye kiti cha nyuma. Kutoka pale nitakwenda parokiani kuuliza wazee wa kwaya kuhusu tata Sylvain.

Wakiniambia alituuza, nitalia kidogo na kurudi nyumbani.

Wakiniambia hakutuuza, sijui nitafanya nini.