Ripoti Niliyoiandika Bila Kusindikizwa

Jumatano, mwezi wa sita. Embu. Baridi na manyunyu tangu asubuhi.

Naogopa. Nimefuta mianzo mitatu ya kujifanya jasiri, kwa hiyo wacha nianze na hilo. Naandika leo lakini sitabandika hapa bloguni hadi jambo lenyewe liishe, na majina yote nimeyabadilisha.

Niko nyumbani, hapa mtaa wa Dallas mjini Embu, mchana wa siku ya kazi. Nimemwambia mkubwa wangu nina homa. Sina homa.

Mimi ni afisa wa probesheni. Mfungwa akiomba mahakama impunguzie kifungo, jaji anataka kujua mambo ambayo hayamo kwenye faili. Huko nyumbani watampokea? Walioumizwa wanasemaje? Atalala wapi, atakula nini? Mimi ndiye naenda kuuliza, kisha narudi kuandika kurasa nne au tano. Jaji anaweza kuikataa ripoti yangu, hilo ni la kwake. Lakini yeye hajafika kwenye boma hilo na mimi nimefika, na mara nyingi anachokijua ni nilichoandika.

Kesho saa tatu atasoma niliyoandika kuhusu Mutwiri.

Mutwiri alimuua kaka yake kwa panga huko Mikinduri. Walikuwa wakigombania mpaka wa shamba la miraa, wote wawili wamelewa. Amefungwa miaka kumi na miwili, na siku hizi ni mtu mpole, fundi seremala, anayezungumza akitazama sakafu. Mwezi wa nne ofisi ya kule haikuwa na mtu, nikatumwa mimi kwenda kwao.

Nilikuta wamenikusanyikia. Naibu wa chifu alikuwepo, mzee wa kanisa, majirani, na mjane wa marehemu, Mama Mwenda. Mwenda mwenyewe alikuwepo pia, mwanamume wa miaka ishirini na sita, ana mke na mtoto. Chai ilikuwa tayari. Nikauliza maswali yangu na wote wakajibu kwa mdomo mmoja kwamba wamesamehe, arudi.

"Mimi sina neno na baba mdogo," Mwenda alisema. "Hiyo ni damu yetu."

Mama yake akaitikia kwa kichwa.

Nilipaswa kukaa na mjane peke yake. Hilo kila afisa analijua, hata aliyeajiriwa juzi. Lakini mvua ilianza kunguruma, na mwenye pikipiki akanionya kwamba tukichelewa ile barabara itakuwa tope tupu. Mama Mwenda akainuka, akajitanda leso, akasema atanisindikiza. Nikamwambia, hapana mama, utanyeshewa bure, kaa tu.

Nilidhani namhurumia.

Sasa, mimi si mgeni wa milima hii. Mimi ni wa Runyenjes. Nimelelewa nikijua kwamba mgeni haachwi aende peke yake, anatolewa hadi njiani, na ya moyoni husemwa huko, mkitembea polepole, watu wengine wakiwa wamebaki nyumbani. Yanayosemwa kwenye chai ni ya heshima. Mama yangu mzazi hunisindikiza mpaka barabarani ndipo aniambie kwamba mguu unamuuma tangu Krismasi. Na nani kwetu atamwambia afisa "hapana" mbele ya naibu wa chifu, mgeni akiwa bado ameshika kikombe? Nilijua haya yote, nikapanda pikipiki.

Haraka haraka haina baraka, tunawaimbia watoto, kisha sisi wenyewe tunakimbia mvua.

Nikarudi Embu nikaandika: "Familia ya marehemu imemsamehe na iko tayari kumpokea." Nikapendekeza aachiliwe arudi nyumbani. Ile sentensi niliisoma mara mbili, na nakiri niliipenda.

Jana, wakati wa chakula cha mchana, Mama Mwenda alinipigia kwa simu ya dada yake.

"Madam, ile siku ulikataa nikutoe," akasema. "Na mimi nilikuwa na maneno."

Maneno yenyewe ni haya. Mwenda, akiwa na mama yake tu, husema kwamba baba mdogo akikanyaga hilo boma hatamaliza wiki. Ndiyo maana anataka aachiliwe upesi. Kanisani ndiye anayesimama mbele kuliko wote kuomba asamehewe. Mama alikuwa akinong'ona, lakini nilisikia kila kitu.

"Bwana yangu nilizika. Sasa huyu kijana naye aende jela, nibaki na nani? Lakini usinitaje, Madam. Akijua ni mimi nimesema, hata mimi hiyo nyumba sitakaa."

Nikaacha chakula. Sijala vizuri tangu hapo.

Kwa sababu ripoti yangu haisomwi chumbani kwa jaji. Inasomwa kortini, milango wazi, na familia watakuwa wameketi pale. Mwenda atakuwepo. Nikisema ninachokijua, nitakuwa nimemweka mama wa watu mikononi mwa mwanawe. Nikinyamaza, Mutwiri anaweza kutoka hapo akaenda kufa kwao, na karatasi yangu ndiyo imemwonyesha njia.

Nilimweleza mkubwa wangu nusu nusu, bila kumtaja mjane. Akaniambia, "Wewe tulia. Hiyo ripoti ishaingia kwa faili. Ukianza kubadilisha saa hii, jaji atauliza ulikuwa unafanya nini huko." Si mtu mbaya. Anajua tu kwamba swali hilo likiulizwa, mwenye kulijibu ni mimi.

Na yuko Mutwiri mwenyewe. Askari mmoja wa jela ameniambia ameshagawa sabuni na kandambili zake kwa wenzake. Anadhani anaenda. Nitamtazamaje?

Halafu kuna hofu nyingine, ndogo, ya aibu: sijui kama Mwenda angefanya kweli. Watu husema mengi kwa hasira. Huenda angemwona yule mzee mwenye mvi akaishia kulia tu. Huenda namzuilia mtu uhuru wake kwa ajili ya maneno ya jikoni. Nimelizungusha hilo kichwani mpaka kichwa kinauma, na kila mara nafika palepale, kwamba kazi yangu ilikuwa kujua, na sikujua.

Basi kuanzia hapo ndipo nimepata la kusema. Nimeandika ukurasa mmoja. Nimesema kwamba niliwahoji watu wote pamoja, mbele ya naibu wa chifu, na sikumsikiliza yeyote faraghani, kwa hiyo maoni ya familia niliyoyaandika hayafai kutegemewa. Kosa ni langu. Naomba siku kumi na nne nirudi nikamsikilize kila mtu peke yake, majirani kwanza, ili isijulikane nani kasema nini. Naomba pia nimwone mjomba wake Mutwiri, mwenye bucha huko Majengo, Meru mjini, aliyekuwa tayari kumpa chumba na kazi. Katika ripoti ya kwanza nilimtaja kwa mstari mmoja nikampita, kumbe huenda kwake ndiko kungekuwa nyumbani kwenyewe.

Hakuna jina la Mama Mwenda popote. Nimeusoma mara sita kuhakikisha.

Labda nitaandikiwa barua ya onyo. Labda jaji atanifokea mbele ya mawakili wote. Naogopa hilo pia, sitajifanya.

Nilikuwa nimeinuka nichemshe maji ndipo simu ikalia. Ujumbe, kutoka kwa Mwenda, kwa adabu zake zote: "Habari ya mchana Madam. Kesho baba mdogo akiachiliwa atatokea geti gani? Tunataka kumpokea."

Inaweza kuwa ni mapokezi tu. Watu hupokea watu wao.

Sijamjibu. Nimeuweka ule ukurasa kwenye mkoba, nimetoa koti jeusi nikalitundika mlangoni. Kesho karani akiita jina la Mutwiri, kabla yeye hajasimama, nitasimama mimi.