Mtoni na Baiskeli

Jumapili usiku, 1956

Mke wangu aliapa kwamba nikianguka tena, baiskeli anampa mkwe wetu. Na leo nimeanguka.

Nilikuwa nateremka polepole chini ya miti ya mitarakwa, shingo juu nikitazama mbega wakiruka matawini, nikaingia Mto Njoro mimi na baiskeli.

Nilipofika nyumbani nimelowa chapa, akasimama mlangoni.

“Baba Kamau, umeanguka tena?”

“Hapana, Mama Kamau. Nimebatizwa.”

Miaka yote ameniombea niokoke! Akalia kwa furaha, akachinja jogoo, akauliza jina langu jipya. Nikasema Yohana, sikuwa na lingine karibu.

Jogoo alikuwa mtamu. Lakini kesho asubuhi anakwenda kwa pasta kumshukuru. Itabidi nimtangulie kwa baiskeli, nibatizwe kweli, na pasta akubali hilo la Yohana.