Mtani Aliyechelewa Mazishini

Mtani wangu Salumu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi letu, lile la nyuma ya makumbusho, linalotazama mto. Maji yamepungua, na mawe uliyozoea kukalia ukiosha miguu kabla ya sala yote yako nje. Nina habari nyingi za kukupa, na ya kwanza inaniuma: tangu ufe, sijatukanwa.

Hebu fikiria. Mnyamwezi mzima, miaka yote hii katika nchi ya Waluguru, watani wangu wa tangu enzi za babu zetu, halafu watu wananisalimia kwa heshima tu. Mjukuu wako Rehema, ambaye sasa ndiye anayewatembeza wageni makumbusho mahali pako, akija kwangu kunijulia hali ananiambia "Shikamoo, babu," ananivutia kiti, ananiuliza kama nimekula. Wewe ulikuwa ukinivutia kiti ili nianguke.

Najua nilikukosea siku ya mazishi. Kazi yangu niliijua: mtani ndiye huvaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake, akakaa katikati ya njia na kulizuia jeneza mpaka waliofiwa wacheke, hata kama ni kwa machozi. Tuliahidiana hapa hapa kwenye benchi. Ulisema, "Ukitangulia wewe, nitaingia kaburini niwaambie wachimbe tena, Mnyamwezi huyu ana miguu ya kufika Tabora." Na mimi nilijiandaa, Salumu. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Mkeo Mama Hadija mwenyewe alinikabidhi lile koti lako la kahawia. Nikalipokea, likanuka wewe, tumbaku na sabuni ya mche, nikashindwa kuingiza hata mkono mmoja. Nikalia mbele za watu kama mtoto aliyeachwa sokoni. Akanitazama, akasema, "Mtani, hata wewe?" Basi. Ukapita, ukazikwa kimya, kama mtu asiye na mtani duniani.

Tangu siku hiyo nilikuwa nazunguka njia ya mbali nisipite hapa. Aibu ni aibu. Koti lilibaki kwangu limening'inia nyuma ya mlango, na kila nikitoka lilikuwa kama linaniuliza tunakwenda wapi.

Leo nimelitia kwenye mfuko, nikasema nakwenda kumrudishia shemeji, yaishe. Nikamkuta pale pale barazani pa makumbusho, anasuka ukili wa mkeka. Amekonda. Tulisalimiana kama watu wa ofisini. Nilikuwa natafuta namna ya kuutoa mfuko, ndipo nikamsikia Rehema ndani, na wanafunzi wa chuo kutoka Mazimbu. Nikaingia kusikiliza.

Anajua kazi, usiwe na wasiwasi. Kinu alikieleza vizuri, na vyungu, na ngoma. Akafika kwenye mzegazega, ule mti mrefu wa kubebea mizigo begani. Akasema ulitumiwa na wapagazi waliopita huku zamani wakitoka bara kwenda pwani. Wanafunzi wakapiga picha kwa simu zao, yeye akasogea kwenye kitu kingine.

Hivyo tu? Salumu, moyo uliniuma. Wewe ulikuwa unakohoa mara mbili, unauburuta ule mguu wako wa kushoto mpaka hapo, kisha unasema, "Huu aliuacha Mnyamwezi mmoja. Aliiona milima yetu, akatupa mzigo, akarudi kwao analia. Msicheke sana, mjukuu wake yuko pale mlangoni." Wageni wote wanageuka kunitazama. Na mimi, nikiwa nimesimama mlangoni, najibu kwamba babu hakukimbia milima, alikimbia mapishi ya bibi yako. Kila Jumamosi. Nilidhani nimeuchoka mchezo ule.

Nililitoa koti, nikalivaa. Mikono ilinifika hapa katikati, maana ulikuwa mfupi, ukubali usikubali. Nikakohoa mara mbili. Nikauburuta mguu wa kushoto. Rehema akageuka katikati ya neno. Nikasema kwa ile sauti yako ya puani, "Wanangu, msiguse kwanza. Nikimaliza, guseni vyote." Nikamtukana yule Mnyamwezi mwanzo hadi mwisho, babu yangu mwenyewe, nikafika pale: "Msicheke sana, mjukuu wake yuko pale mlangoni." Nikanyoosha kidole.

Wakageuka wote. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilibaki nimenyoosha kidole, nakukumbuka. Wa kusema alikuwa wewe, wa kujibu alikuwa mimi, na mtu mmoja hawezi kusimama pande mbili za chumba.

Ndipo Mama Hadija akatokea pale mlangoni, ukili ukiwa bado mkononi. Sijui alikuwa amesimama nje tangu lini. Akashika kiuno, akasema kwa nguvu, "Hakukimbia milima! Alikimbia mapishi ya bibi yenu!" Akacheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, na chini ya khanga kicheko kikageuka, na mimi nikawa nalia, na Rehema vilevile, na wale wanafunzi wa watu hawajui waondoke au wabaki. Alipotulia alinipangusa bega, yaani alilipangusa koti lako, akasema, "Sasa mume wangu amezikwa."

Koti hakulichukua. Amesema litundikwe kwenye msumari ulio karibu na mzegazega, nami ndiye nitakayelivaa. Rehema bado anaona aibu kunitukana, lakini nakuahidi nitakuja kila Jumamosi kusimama mlangoni mpaka aweze. Leo wakati naaga amejaribu kidogo, ameniambia nina masikio makubwa. Si haba kwa kuanzia.

Lala, Mluguru mfupi. Kama na huko mmepewa milima, usipande peke yako na mguu wako ule. Ningoje chini. Mzigo nitaubeba mimi.

Mtani wako